KANISA LETU, VIKUNDI VYETU NA WATOTO: HISTORIA FUPI KUTOKA OLD MOSHI

 

Kamati ya kijitabu hiki iliniomba niandike historia ya kikundi kwa miaka kumi hii. Nikawajibu kwamba historia yetu haianzii siku ile tuliyonunua sanduku na kufuli zake tatu. Anayetaka kujua kwa nini akina mama wanane, wote walimu wa shule ya Jumapili, walikaa nyuma ya kanisa wakaanza kuweka fedha kidogo kidogo, itabidi arudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mimi ni mtu wa darasa la saba, historia sikuisomea chuoni. Lakini nimewauliza wazee, nimemsumbua mchungaji aniazime vitabu, na vile vya Kiingereza nilisomewa na binti yangu jioni baada ya kukama.

Pia ninayo sababu ya kuandika mwaka huu na si mwaka mwingine. Kwenye mkutano mkuu ujao kuna hoja kwamba fungu la watoto liondolewe kwenye katiba yetu. Hoja hiyo nitaifikia. Kwanza tuone tulikotoka.

WALIVYOKUJA

Upande wa Waprotestanti, Injili ilifika hapa mlimani kwa mikono miwili tofauti. Mwaka 1885 Waingereza wa chama cha CMS walianza kituo hapa hapa Old Moshi, enzi za Mangi Rindi. Hawakudumu. Mwaka 1892 vilitokea vita kati ya Mangi Meli, mwana wa Rindi, na Wajerumani, na Waingereza wale wakajikuta hawatakiwi, wakahamia Taveta. Mwaka uliofuata, 1893, wakaja Walutheri wa chama cha misioni cha Leipzig kutoka Ujerumani. Kituo chao cha kwanza kilikuwa Nkarungo, Machame, kwa Mangi Shangali. Mwaka 1894 wakafika Mamba, na mwaka 1896 wakafika kwetu, Kidia. Wakatoliki nao walikuwa wameshaanza Kilema.

Tusifichane, dini na bunduki vilipanda mlima huu karibu siku zile zile. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa hapa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na mti wenyewe watu wanauonyesha mpaka leo. Kwa hiyo mtu akisema Wachagga walikimbilia kanisani kwa shangwe toka siku ya kwanza, msimwamini. Watu wazima walisita, na walikuwa na haki ya kusita. Mzee mwenye kihamba chake, wake zake, ng'ombe wake na matambiko ya baba yake, atoke aende kukaa kwenye benchi la mgeni afundishwe herufi? Hapana.

Waliotangulia kwenda ni watoto na vijana. Wengine walivutwa na kusoma, wengine na nyimbo, wengine walitumwa tu na wakubwa wao wakaone mzungu anafanya nini. Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike. Kanisa la hapa halikuanza na wazee halafu watoto wakaletwa nyuma. Lilianza na watoto, na wazee wakafuata wanao. Nasema hivi kwa sababu siku hizi watu wanaongea kana kwamba kazi ya watoto ni nyongeza, kitu cha kufanya kama fedha imebaki.

Watoto wale walikua wakawa walimu. Misioni ilifungua chuo cha ualimu, ambacho baadaye kilikaa Marangu, na kutoka hapo vijana walirudi kwenye vijiji vyao kufungua shule ndogo za miti na majani ya migomba. Mwalimu alikuwa mtu mmoja mwenye kazi nyingi. Jumatatu hadi Ijumaa anafundisha kusoma na kuhesabu, Jumapili anahubiri, jioni anakwenda kumwona mgonjwa. Mtoto hakujua shule inaishia wapi na kanisa linaanzia wapi.

UKOO, UJIRANI NA RIKA

Hapa lazima nimtaje Bruno Gutmann. Huyu alizaliwa Ujerumani mwaka 1876, akafika Kilimanjaro mwaka 1902, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya hapa Old Moshi mpaka alipoondoka mwaka 1938. Alikuwa mzungu wa namna ya peke yake. Wenzake wengi waliona mila zetu ni giza tupu. Yeye alikaa na wazee, akasikiliza, akaandika. Aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, na baadaye vitabu vitatu vinene juu ya mafundisho waliyopewa vijana jandoni. Kitabu chake juu ya kujenga usharika kutokana na Injili kilitoka mwaka 1925. Agano Jipya kwa lugha yetu ya Kimochi, lililochapishwa mwaka 1939, ni kazi yake pia.

Alichokiona Gutmann ni hiki: Mchagga hasimami peke yake. Kuna vifungo vitatu vinavyomshika, yaani ukoo, ujirani na rika. Akasema kanisa likivunja vifungo hivyo litapata watu waliotawanyika kama mahindi yaliyomwagika, lakini likivitumia litapata usharika wenye mifupa. Basi akaugawa usharika kwa ujirani. Kila eneo likawa na wazee wake wa kanisa, na ugomvi wa mpaka, wa mke na mume, wa ng'ombe aliyekula migomba ya mtu, ulianza kusemwa pale pale kwa majirani kabla ya kupandishwa juu. Mtaa tunaousema leo kanisani, kwamba fulani ni wa mtaa huu na fulani wa mtaa ule, unafanana sana na mpango huo.

Kwa mtu wa huku mpango huo haukuwa kitu kigeni. Angalieni mfongo. Maji yanatoka msituni juu, yanapita kwenye vihamba vya watu wengi, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuutunza mfongo mzima. Kuna mzee wa mfongo, kuna siku ya kuzibua, kuna zamu ya maji, na asiyekuja kuzibua anajua kitakachompata. Babu zetu hawakufundishwa kushirikiana na misioni. Walikuwa wakifanya hivyo kabla mzungu hajaufikia mlima. (Kazi ya mfongo ilikuwa ya wanaume. Sisi wanawake tulikuwa na majani ya ng'ombe, kuni na soko, nako huko tulikuwa na ushirika wetu ambao hakuna mgeni aliyekuja na daftari kuuandika.)

Lakini lililonigusa zaidi ni alivyofanya kwa vijana wa kipaimara. Hakuwafundisha kama kundi kubwa la watu wasiojuana. Aliwaweka kwenye vikundi vidogo vya ngao, yaani vijana ambao ni kama wamesimama nyuma ya ngao moja. Alikuwa ameikuta kwenye mila ya zamani ile hali ya vijana wa rika kulindana, akaileta kanisani. Kijana hakujibu kwa nafsi yake tu, aliulizwa pia habari za mwenzake. Mwenzako haonekani, yuko wapi? Mwenzako baba yake amefariki, umekwenda kumsaidia kukata majani? Na ngao hiyo haikuwekwa chini siku ya kupokea kipaimara, ilitakiwa iendelee ukubwani.

Mimi sisemi Gutmann alikuwa sahihi kwa kila kitu. Fedha hakuipenda, mji hakuupenda, na aliogopa kwamba mtu akianza kutafuta chake mwenyewe atasahau ukoo wake. Nadhani hapo aliogopa kupita kiasi. Kahawa ilikuwa imeshaingia na watu walitaka kusomesha watoto. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kahawa, KNPA, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi aliyelelewa na misioni hiyo hiyo. Mwaka 1933 kikafuata KNCU. Kwa hiyo wale wale waliofundishwa kusimama pamoja kanisani walijua pia kusimama pamoja sokoni. Na kosa lingine la mpango ule ni kwamba sauti yake ilikuwa ya wanaume. Wazee wa ujirani walikuwa wanaume, watu wa kuandikwa walikuwa wanaume. Majina ya mama zao na wake zao ukiyatafuta vitabuni utachoka.

MWAKA 1920

Sasa nafika mahali ambapo mpango wote ulijaribiwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914, na mwaka 1916 Waingereza waliingia Moshi. Wamisionari wa Kijerumani waliendelea kwa taabu kwa muda, lakini mwaka 1920 waliondolewa nchini. Fikirini maana yake. Vituo vyote vile, shule zote zile, maelfu ya Wakristo, na hakuna hata Mchagga mmoja aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Wachungaji wa kwanza Wachagga walibarikiwa mwaka 1934. Yaani mwaka ule wa 1920 kanisa liliachwa kama nyumba ambayo baba ameondoka usiku.

Ilitazamiwa life. Halikufa. Walimu na wazee wa kanisa waliliendesha. Kengele ilipigwa Jumapili, watoto walifundishwa, wafu walizikwa kwa sala, ugomvi ulisuluhishwa mitaani. Sakramenti ilikuwa shida, kwa sababu hiyo ilihitaji mchungaji, na ilibidi kungoja. Baadaye katika miaka ya 1920 wakaja Walutheri kutoka Marekani kusaidia, na katikati ya miaka hiyo hiyo Wajerumani wakaruhusiwa kurudi. Waliporudi walikuta usharika unapumua.

Kwa nini haukufa? Nimelifikiria sana jambo hili, tena si kwa udadisi tu, kwa sababu kila mwenye kikundi lazima ajiulize: nikiondoka kesho, kitabaki? Ninavyoona mimi, kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kazi ilikuwa imeshagawanywa. Mzee wa mtaa fulani alijua nyumba zake ni zipi. Hakuhitaji kungoja amri. La pili, walimu wale wa mwaka 1920 walikuwa watoto wa mwaka 1900. Walikuwa wamekulia ndani. Hawakuwa wanakumbuka maagizo ya mtu, walikuwa wanaendelea na maisha yao. Na hilo la pili, jamani, halikununuliwa kwa mwaka mmoja. Lilichukua miaka ishirini ya kukaa na watoto kwenye benchi wakati watu wazima wanapita njiani wakicheka.

Jambo lile lilijirudia vita ya pili ilipoanza mwaka 1939. Wajerumani waliondolewa tena, Wamarekani wakasaidia tena, lakini safari hii walikuwepo wachungaji wetu wenyewe. Mmoja wa watoto wa shule hizo za misioni, Stefano Moshi, aliyezaliwa mwaka 1906 huko Kotela, Mamba, alianza kama mwalimu, akawa mchungaji, na mwaka 1960 akawa askofu. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa KKKT, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza. Kutoka darasa la kijijini hadi hapo.

SHULE ZILIPOTOKA MIKONONI

Wengi wetu hatukumbuki, lakini zamani kanisa halikuhitaji sana kuhangaika na watoto siku ya Jumapili. Lilikuwa nao siku tano za wiki. Shule ilikuwa ya misioni, mwalimu alikuwa wa misioni. Hali hiyo iligeuka mwaka 1969 na 1970, serikali ilipozichukua shule na kuzifanya za umma. Mimi silaumu. Bila hatua ile watoto wa wenzetu Waislamu, na watoto wa mikoa ambayo misioni haikufika, wangebaki nyuma mpaka leo, na mimi mwenyewe nilisoma darasa la kwanza hadi la saba bila mama yangu kuuza ng'ombe. Lakini kwa kanisa ilikuwa ni kama mfongo umehamishwa njia. Vipindi vya dini vilibaki shuleni, ila mwalimu wa Jumatatu hakuwa tena lazima awe mwinjilisti wa Jumapili. Hapo ndipo shule ya Jumapili ikabeba mzigo ambao haikuwa imeubeba.

Shule ya Jumapili yenyewe ni kitu cha zamani na haikuanzia kwetu. Watu humtaja sana Robert Raikes, mwenye gazeti wa mji wa Gloucester huko Uingereza, ambaye mwaka 1780 alifungua shule kwa watoto maskini. Watoto wale walifanya kazi siku sita kwenye viwanda vya pini, na siku ya Jumapili walizurura mitaani. Akawalipa wanawake wawafundishe kusoma. Kufika mwaka 1831 watoto kama milioni moja na robo walikuwa kwenye shule hizo Uingereza nzima. Lakini kuna mama mmoja, Hannah Ball, wa mji wa High Wycombe, ambaye alikwisha anza shule ya namna hiyo mwaka 1769. Miaka kumi na moja kabla ya Raikes! Binti yangu alipofika hapo nilimwambia arudie kusoma. Mwanamume alikuwa na gazeti, ndiyo maana tunamjua.

Hapa kwetu pia ni wanawake walioshika. Katika miaka ya sabini nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu wa Jumapili alikuwa mama aliyeishia darasa la nne. Tulikaa chini ya mti, kwenye majani makavu ya migomba. Kitabu alikuwa nacho kimoja, picha hakuwa nayo hata moja. Lakini alikuwa na utaratibu. Alitupanga kwa njia tunazotokea, watoto wa bondeni pamoja, watoto wa juu pamoja, na mkubwa wa kila kikundi aliwajibika kufika na wadogo wake wote na kuwarudisha. Mtoto akikosekana Jumapili mbili, mwalimu alikuwa mlangoni kwenu Jumatatu jioni, na hakutoka mikono mitupu, alikuja na ndizi au na maneno makali kwa baba yako, inategemea alichokikuta. Yule mama hakuwahi kumsoma Gutmann. Lakini ni ngao ile ile, au tuseme ni mila ile ile ambayo Gutmann mwenyewe aliikuta.

Alifanya kazi ile zaidi ya miaka ishirini bila posho, na hakuwa mzee wa kanisa kwa sababu wakati ule mwanamke kuitwa mzee wa kanisa ilikuwa ni kichekesho. Mambo yamesogea. Mwaka 1991 KKKT ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na leo mtoto wa kike akiketi mbele ya madhabahu anaona kwamba pale si mahali pa kaka zake peke yao.

SANDUKU LILIVYOTOKA KWENYE MKEKA

Miaka kumi iliyopita walimu wa shule ya Jumapili hapa mtaani tulikuwa wanane. Watoto walikuwa sitini na kitu, mkeka mmoja, kalamu za rangi zimebaki vipande. Tukiomba fedha tunajibiwa kwamba kuna paa la kumaliza. Ni kweli paa lilikuwepo la kumaliza, siku zote lipo. Mmoja wetu akasema tusiombe tena, tuchange wenyewe mia mbili mia mbili kila Jumapili. Tukachanga miezi minne, tukanunua mikeka na karatasi, ikabaki fedha kidogo. Mwenzetu mmoja mtoto wake akaugua usiku, tukamkopesha ile iliyobaki. Akairudisha na nyongeza kidogo ya shukrani. Hapo ndipo tulipoona kumbe tuna kikundi. Sanduku, kufuli tatu, vitabu vya hisa, faini za kuchelewa, vyote vilikuja baadaye, tulipofundishwa na wenzetu wa vikundi vingine.

Kazi tuliigawa kama tulivyoona kwa mama zetu. Kila mwalimu ana njia yake ya kuchukua watoto. Wawili wanafundisha, wawili wanapika uji, wawili wanapumzika na kukaa kanisani kama watu wengine, wawili wanatembelea nyumba. Wiki inayofuata zamu zinazunguka. Mtu akiugua au akifiwa, anajulikana ni nani wa kushika nafasi yake. Shule ile haikufungwa Jumapili hata moja kwa kukosa mwalimu, isipokuwa ile miezi ya ugonjwa wa korona mwaka 2020, na hata hapo tulipita nyumba kwa nyumba tukisimama uani.

Na sasa angalieni matunda. Kati ya wanachama wetu thelathini na wawili, watano walikuwa watoto kwenye mikeka ile. Katibu wetu wa sasa, ambaye vitabu vyake mkaguzi alivisifu, alianza kushika kalamu akiwa na miaka kumi na mitatu, akiandika mahudhurio ya watoto wa njia yake. Hakuna aliyempeleka kozi ya ukatibu. Alikulia ndani, kama wale wa mwaka 1920.

HOJA ILIYOPO MEZANI

Katiba yetu inasema kila kikao kila mwanachama aweke shilingi mia tano ya watoto kwenye bakuli la bluu, kando ya hisa na kando ya mfuko wa jamii. Fedha hiyo haikopeshwi na haigawanywi mwisho wa mwaka. Wanachama kumi na mmoja wameweka sahihi kuomba fungu hilo lifutwe.

Sababu zao nimezisikiliza, na wengine ni rafiki zangu wa siku nyingi. Wanasema usharika una sadaka zake, kwa nini akina mama walipie tena? Wanasema maisha yamepanda, na mia tano kwa kikao kwa mwaka mzima ni kilo kadhaa za sukari. Hayo nayajibu hivi: paa lile mliliona, na mnajua zamu ya watoto kwenye bajeti hufika lini.

Lakini wana sababu ya tatu, na hiyo ni nzito. Sisi si Walutheri watupu tena. Tunao Wakatoliki saba na Waislamu wawili, na wanaweka mia tano ile ile. Je, ni haki mama Mwislamu achangie uji wa shule ya Jumapili ya Walutheri? Mimi nasema si haki, na siwezi kuitetea. Ila dawa ya hilo si kuwafuta watoto. Kwa hiyo mimi na wenzangu wanne tumeandika pendekezo la kati: fungu libaki, bakuli libaki, lakini mwisho wa kila robo mwaka fedha igawanywe kwa hesabu ya wanachama. Sehemu ya Walutheri iende kwenye shule yetu ya Jumapili, sehemu ya Wakatoliki waipeleke wao kwa watoto wao kule parokiani, na sehemu ya wale wawili inunue madaftari kwa watoto wa madrasa au wa shule ya msingi, watakavyoamua wenyewe. Mmoja wao nimeshazungumza naye. Alicheka, akasema watoto wake wanakula uji wetu kila wanapopita, basi ni deni.

Kuna jambo moja zaidi. Wanane wa mwanzo tumebaki sita. Mmoja tulimzika, mmoja amehamia kwa mwanawe Dar es Salaam. Magoti yangu siku hizi hayapendi mteremko. Binti zetu wengi wako Arusha na Moshi mjini, wanakuja Krismasi, wanapiga picha migombani na kurudi. Watakaolishika sanduku hili miaka kumi ijayo sasa hivi wana miaka kumi na miwili, na wanakaa kwenye mkeka.

Hoja itasomwa kwenye mkutano mkuu, baada ya taarifa ya mtunza hazina. Pendekezo letu litasomwa linalofuata, na kila upande utapewa dakika kumi, si zaidi, maana najua sisi. Kura ni ya siri na tutatumia maharage kama kawaida: jeupe ni fungu libaki kwa mpango mpya, jekundu ni lifutwe. Mwenye kitabu cha hisa ndiye mwenye kura. Waliosafiri wanaweza kumpa mwanachama mwenzao barua yenye sahihi, lakini mtu mmoja asibebe barua zaidi ya moja. Watoto watakuwa nyuma ya kanisa siku hiyo na walimu wa zamu, kwa hiyo msiwaache nyumbani.